Hata Sifuri Iandikwe: Januari Yetu ya Kuhesabu Ndege Ziwa Nakuru

Kila Januari watu wangu wanajua kuna wikendi moja sipatikani. Simu iko lakini iko kwa begi, nimeizima sauti, na mimi niko ufuoni mwa Ziwa Nakuru na watu wengine tumepangwa timu timu tunahesabu ndege. Nikirudi kazini Jumatatu (nafanya kazi kwa saiba hapa town) maswali ni yale yale, ati mlihesabu ndege? wote? mnawezaje na si wanaruka? alafu linakuja la mwisho, ambalo ndio limenifanya niandike hii, sasa hiyo yote mnafanya mpate nini. Nimejaribu kulijibu nikiwa nachapisha makaratasi ya watu na foleni iko nyuma, haliishi, kwa hivyo wacha niliweke lote hapa.

Kwanza hii si kitu ya Nakuru peke yake na haikuanza juzi. Ulaya walianza kuhesabu ndege wa maji kila Januari tangu 1967, Afrika ikaingia 1991, na hapa Kenya watu wa idara ya ndege ya Makumbusho ya Kitaifa, KWS (shirika la serikali la wanyamapori) na Nature Kenya, chama cha wapenda mazingira, wamekuwa wakipeleka watu maziwani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Yaani kuna mtu alisimama pale mimi nasimama, akahesabu, akaandika, na fomu yake iko mpaka leo. Na mwezi huo huo sisi tukiwa kwa matope hapa, kuna mtu amevaa koti zito huko Uholanzi anahesabu bata, mwingine ako mtoni Senegali, mwingine ako Mida Creek pale Watamu anangojea maji yapwe, na hesabu zote mwishowe zinaenda mahali pamoja, kwa Wetlands International, shirika la kimataifa la ardhi oevu, zinawekwa kitabu kimoja. Mimi hiyo kitu huwa inanipa nguvu sana asubuhi kukiwa na baridi.

Mbona Januari? Sababu wageni wametulia. Unajua kuna kitwitwi mdogo, ndege wa gramu 25 hivi, anazaliwa huko kaskazini kabisa ya Urusi na Skandinavia karibu na ncha ya dunia, alafu baridi ikianza anashuka mpaka kwetu. Kuna na bata wa kutoka huko huko. Novemba wengine bado wako njiani, kufika Machi na Aprili washaanza kurudi, sasa ukihesabu katikati ya safari utamhesabu leo Baringo kesho umhesabu tena Magadi. Januari kila mtu amepata pahali pake. Maziwa mengine yanahesabiwa tena Julai wageni wakiwa wameenda, ndio tujue wenyeji wako wangapi.

Siku yenyewe inaanza gizani. Mnakutana, mnapangwa, mnapewa kipande chenu cha ufuo. Ziwa limegawanywa vipande na hivyo vipande ni vile vile kila mwaka, shika hiyo maneno maana ndio kila kitu. Kila timu inakuwa na mtu anayejua ndege vizuri kabisa, ako na darubini kubwa ya stendi, anakuwa na mtu wa kuandika, wengine ni macho na darubini za mkono, na juu hii ni mbuga yenye nyati na vifaru, timu ikishuka kwa gari inatembea na askari wa KWS mwenye bunduki. Nyati wanapenda sana ile nyasi ya karibu na maji. Askari akisema simama, unasimama, hata kama ndio umefika kwa ndege wa tisini na nane.

Timu zote zinaanza saa moja, ndio tukiwashtua ndege wakaenda upande wa jirani wasihesabiwe mara mbili. Na kuna sheria za mwendo. Ndege akitoka mbele yako akaruka akatua nyuma mlikotoka, mhesabu. Akitoka mbele akaenda mbele zaidi, mwache, utamkuta. Akitoka nyuma akawapita juu, huyo mlishamaliza na yeye. Mnatembea na shingo inageuka kila upande, mtu anaita "yangeyange wawili!", "kwarara sita, hapana saba, mmoja ako nyuma ya jiwe!", na mwandishi anarudia nambari kwa sauti kabla ya kuandika ili aliyeita asikie kama imeshikwa sawa. Watu wengi wanaona kazi ya kuandika ni ya mtu asiyejua ndege. Mimi naona ndio kazi nzito kuliko zote, juu macho yake hayapati kuona kitu, siku nzima ako kwa karatasi anashikilia kazi ya watu watano.

Sasa ile ya "mnawezaje na ni wengi". Kundi dogo unahesabu mmoja mmoja, hapo hakuna siri. Likiwa kubwa unahesabu kumi, unaangalia vizuri hao kumi wanachukua nafasi gani kwa jicho, unapanga kumi zingine kando yake mpaka umepata mia, ukishaijua mia inavyokaa unaenda mia, mia, mia, mpaka mwisho wa kundi. Ni kama mama mboga na gorogoro ya maharagwe, hahesabu punje lakini anajua anachouza. Alafu unarudia kutoka upande ule mwingine. Mkiwa wawili kila mtu anahesabu kivyake bila kuambiana, ndio mnalinganisha, zikiachana sana mnaanza upya. Kuna kale kamashine ka kubonyeza kwa kidole, kila mbonyezo moja, ama unaamua kila mbonyezo ni mia, lakini hiyo uamue kabla hujaanza na mwandishi ajue. Flamingo wakiwa wengi kweli watu wazoefu wanaenda kwa elfu elfu, na ugumu si wingi tu, wanatembea, kundi lote linasonga pamoja vichwa viko chini ya maji wanakula, na wako aina mbili. Yule mkubwa ni mrefu zaidi, mweupe mweupe, mdomo ni waridi na ncha nyeusi. Yule mdogo ndio ana rangi iliyokolea na mdomo mwekundu wa giza. Watoto ni kijivu. Ukiandika tu "flamingo" umetupa nusu ya kazi, kwa sababu hao wawili hata chakula hawali kimoja, mkubwa anachuja wadudu na vijidudu vya kwa tope, mdogo anakula ule mwani wa kijani wa maji ya magadi.

Na hapo ndio nafika kwa jambo lenyewe.

Kama umekaa Nakuru unajua tulikuwa mji wa flamingo. Wako kwa mabango, wako kwa majina ya biashara, wazee wanakwambia ukipanda juu ukaangalia chini ufuo wote ulikuwa waridi. Sasa kuanzia karibu 2010 maji ya ziwa yakaanza kupanda, na si hapa tu, Baringo, Bogoria, Naivasha, yote yalipanda, na 2020 ndio ikawa mbaya kabisa watu wakahama makwao. Ziwa letu lilikuwa kama kilomita za mraba 40 hivi, likapita 60. Geti kubwa la zamani la mbuga likaingia maji, barabara ikazama, ile migunga ya manjano iliyokuwa imesimama pwani ya ziwa ikafia majini imesimama, mpaka leo unaona mashina meupe. Na maji yakizidi magadi inapungua nguvu, mwani unapungua, na flamingo mdogo bila mwani hana sababu ya kukaa. Akaenda.

Kwa hivyo imekuwa kuna miaka timu inatembea kipande chake mwanzo mpaka mwisho, kipande ambacho fomu za zamani zinaonyesha flamingo kwa maelfu, na kwa ule mstari wa flamingo mdogo hakuna kitu. Kuna dada mmoja mwanafunzi alikuwa mwandishi wetu mara yake ya kwanza, akamuuliza mzee anayetuongoza, "Mzee, huu mstari niuache?" Mzee akamwambia, "Usiuache msichana wangu, andika sifuri." Akamweleza pale pale tukiwa tumesimama na upepo unapeperusha karatasi. Mstari ukiwa wazi, mtu atakayeusoma miaka ishirini ijayo hatajua kama hatukuangalia, kama tulichoka, kama tulikuwa hatujui kuwatofautisha. Sifuri inamwambia kulikuwa na watu, walifika, waliangalia, hawakuwa.

Mimi naona watu wengi wanakuja kwa hii kazi wakitaka kuona wingi, na nawaelewa, ni raha kuona ndege elfu kumi wakiinuka pamoja. Lakini ile miaka ya sifuri ndio ilinifanya nielewe kwa nini tunafanya. Kila mtu Nakuru anajua flamingo walipungua, hilo halihitaji darubini. Lakini walipungua lini? Polepole ama kwa mwaka mmoja? Walirudi kidogo mwaka gani? Walienda wapi? Hayo huwezi kuyajua kwa kukumbuka, ukiuliza watu kumi kwa stegi utapata miaka kumi tofauti. Unayajua kwa sababu kuna fomu ya kila Januari, kipande kile kile, njia ile ile, hata ile miaka haikuwa na kitu cha kupiga picha.

Na kuna hii ya walienda wapi. Flamingo mdogo hana ziwa moja. Leo ako Nakuru, usiku anaruka (wanapenda kusafiri usiku) asubuhi ako Bogoria, kesho kutwa ako Elementaita, na akitaka kutaga anateremka mpaka Ziwa Natron upande wa Tanzania, hapo ndio karibu flamingo wadogo wote wa Afrika Mashariki wanazaliwa, kwa tope la chumvi katikati ya ziwa ambapo fisi hafiki. Bogoria kuna wakati walihesabiwa zaidi ya milioni. Sasa mtu akihesabu Nakuru peke yake akapata wachache atasema wamekufa, akihesabu Bogoria peke yake akapata wengi atasema wameongezeka, na pengine ni hao hao. Ndio maana maziwa yanahesabiwa kwa siku zinazokaribiana, timu zinatoka hapa zinaingia Elementaita, zingine ziko Naivasha kwa boti, zingine Bogoria, zingine Magadi. Siku hizi kuna picha za setilaiti, na mwaka 2024 watafiti walionyesha kwamba maziwa haya ya magadi ya Afrika Mashariki chakula cha flamingo kimeshuka maji yalivyopanda, na ni kazi nzuri sana. Setilaiti inaona ukijani wa mwani. Lakini ndege mwenyewe, ni mkubwa ama mdogo, ni mtoto ama mzima, hiyo bado inataka mtu amesimama pale.

Alafu sifuri ya mmoja haimaanishi ziwa limekufa. Wakati flamingo wanaondoka fomu zetu zilianza kujaa upande mwingine, mwari, mnandi, furukombe, wala samaki wote. Nakuru zamani haikuwa na samaki hata mmoja, watu ndio walileta samaki wadogo kutoka Magadi miaka ya 1950 na 1960 ili wawe wanakula viluwiluwi vya mbu, na tangu hapo mwari wamekuwa wakitoka kwenye visiwa vyao vya mawe kule Elementaita wanakotaga, wanakuja kula huku, wanarudi kulisha watoto. Hiyo kitu nilisimuliwa na mzee wetu tukiwa tumekaa tunakunywa chai ya chupa, na ilipofika saa tatu hivi hewa ikaanza kupanda joto, tukawaona wakija juu ya mlima kwa mistari, wametandaza mabawa hawapigi hata mara moja. Nilihesabu nikiwa na furaha mpaka mkono unatetemeka.

Kuna jambo lingine nataka kulisema wazi. Ukiwa umetembea kutoka asubuhi, jua limewaka, kundi liko mbali na joto linafanya kila kitu kicheze machoni, kuna sauti inakwambia ongeza kidogo, weka elfu mbili kamili, mwaka jana walikuwa elfu mbili. Hapo ndio mtu wa kujitolea anapimwa. Mzee wetu hataki kusikia nambari ya mwaka jana kabla hatujamaliza, hata fomu ya zamani haibebi kwa mfuko, anasema ukiijua utaitafuta. Mtu akisema "nadhani ni bata fulani" anamuuliza umeona nini, mdomo, rangi ya ubavu, mguu? kama hukuona tunaandika bata ambaye hakutambulika na maisha yanaendelea. Nimependa sana huo msimamo. Hakuna anayelipwa pale, hakuna anayepandishwa cheo kwa kupata ndege wengi, na bado watu wazima wanabishana nusu saa juu ya ndege mmoja wa gramu 25 kama alikuwa huyu ama yule.

Sasa tunapata nini, nisilikimbie hilo swali. Nambari hizi zinatumika. Kuna Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu, na moja ya njia za ziwa kuingia ni lionyeshe kwamba mara kwa mara linabeba ndege wa maji 20,000 ama zaidi, ama asilimia 1 ya ndege wote wa jamii fulani. Unaonyeshaje bila watu kwenda kuhesabu? Nakuru iliingia 1990, ikiwa ya kwanza Kenya, Naivasha 1995, Bogoria 2001, Baringo 2002, Elementaita 2005, na 2011 Nakuru, Bogoria na Elementaita zikawekwa na UNESCO kwa urithi wa dunia, na ndege ndio sababu kubwa. Na kuingia si mwisho, mtu akitaka kujenga kitu kando ya ziwa leo, swali la kwanza ni kuna nini hapo cha kuharibika, na ukiwa na Januari thelathini za fomu unaongea tofauti kabisa na mtu anayesema tu huwa tunaonaga ndege wengi.

Mimi binafsi nilichopata ni watu. Kuna waelekezaji wa watalii, kuna wanafunzi wa chuo, kuna mama mmoja mkulima wa karibu na ziwa ambaye anajua ndege kwa sauti kuliko sisi wote na majina anayasema kwa Kikuyu, kuna vijana wa vikundi vya mazingira, kuna askari wa mbuga ambao ukiwauliza jambo wanakuonyesha na alama za kwato za mnyama aliyepita usiku. Mimi sina digrii ya wanyama, nilisomea kompyuta miezi michache. Hakuna aliyeniuliza cheti. Waliniuliza kama naweza kutembea na kama nitakubali kuandika nilichoona. Nilianza na kubeba stendi ya darubini, mwaka uliofuata nikawa mwandishi, siku hizi napewa bata na mnandi niwahesabu mwenyewe. Na baada ya hesabu, kiongozi wetu akishakubali, huwa nachapisha jumla za kipande chetu na picha ya ndege watano watano nabandika ukutani pale saiba, majina ya Kiswahili na Kikuyu na Kikalenjin vile watu wameniambia. Unaona mtu amekuja kutuma fomu ya kazi amesimama anasoma habari ya kitwitwi aliyetoka Urusi. Wengine wananirekebisha jina, nafuta naandika upya. Naomba sana kila timu ifanye kitu kama hiki pahali pake, duka, shule, kanisa, msikiti, kwa sababu watu wanaoishi na ziwa wanafaa kujua ziwa lao lilihesabiwa na likaonekana na nini.

Kama unataka kuingia na uko Nairobi, Nature Kenya wana matembezi ya kuangalia ndege kila Jumatano asubuhi, Fleur Ng'weno aliyaanzisha 1971 na yameendelea miaka yote, hapo ndio shule, unatembea na wanaojua na hakuna anayekucheka. Kama uko mbali na ziwa lolote, uko Kitui ama Busia ama Garissa, kuna Kenya Bird Map, nchi imegawanywa viboksi vya kama kilomita 9 kwa 9, unachagua boksi lako, unatumia angalau saa mbili unaandika kila aina ya ndege unayoona ama kusikia, kwa simu tu kuna programu inaitwa BirdLasser. Kuna viboksi vingi vya kaskazini na mashariki ambavyo vimeandikwa kidogo sana, kijana wa huko akianza leo nyumbani kwao anaweza kuwa mtu wa kwanza kuweka hiyo rekodi. Huko pwani ukiwa Watamu ama Malindi ulizia hesabu za Mida na mdomo wa Sabaki, ndege wa huko wengine sisi wa bara tunawaonea kwa picha.

Na ukija Nakuru Januari, tafuta tangazo kuanzia Desemba kwa ofisi na kurasa za Nature Kenya ama uulize vijana wa vikundi vya mazingira hapa. Vaa gambuti, raba itabaki kwa tope la magadi. Nguo za rangi ya majani makavu, si nyekundu si nyeupe. Kofia, maji ya kutosha, penseli mbili kwa sababu kalamu ya wino ikipata umande inakataa kuandika. Darubini kama huna utaazimwa, tunapokezana. Na kama hujui ndege hata mmoja uje tu, wa kuandika wanahitajika kila mwaka.